Wahesabu na Wanaopakatwa

Rumonge, Alhamisi, saa nane mchana

Aziza mwanangu,

Umekwenda kusukwa nywele na najua hutarudi kabla ya magharibi, kwa hiyo nina saa nne za kuandika bila kuulizwa naandika nini. Sanduku lako nimeshalipanga. Habari za chandarua, za dawa, za kuamka mapema na za kumkwepa jirani mwenye maneno mengi nimekuambia wiki nzima, mpaka jana asubuhi ukanijibu, "Mama, niachie hata kosa moja nilifanye mwenyewe." Ulicheka, nami nikacheka. Barua hii ni ya kosa moja ambalo sitaki ulifanye mwenyewe, kwa sababu nimeshalifanya mimi.

Kesho utaingia garini kwenda Bujumbura. Keshokutwa, Jumamosi saa nne asubuhi, utasimama kwenye gati la hoteli yako mpya, utatia saini karatasi yenye majina ya abiria, na utawasha moteri. Nataka uwe umeisoma barua hii kabla ya saini hiyo. Isome kwanza ukiwa peke yako, halafu nikasirikie unavyotaka.

Jumatatu ulipokuwa unaparua samaki wa mukeke uani, meneja wako alikupigia simu. Mikono yako ilikuwa na magamba, ukaiweka simu juu ya ndoo ikasema kwa sauti kubwa. Nilikuwa mlangoni nachambua mchele, nikasikia yote.

"Mademoazeli kapiteni, amahoro?"

"Amahoro, patroni."

"Samedi saa nne tuko na watu wa batizo. Wakubwa ni kumi na wawili, sawa na boti yenyewe. Watoto iko kama watano, sita, lakini hao ni wa mapajani, hao hatuhesabu. Esansi ya moteri iko ngumu, unajua mwenyewe, hatuwezi kupiga tur mbili, safari moja inatosha. Sindiyo?"

Ukamjibu, "Ego, patroni, hakuna shida. Watoto ni wepesi!" Na mkacheka wote wawili.

Sinia likanitoka mkononi. Uliniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikakuambia kizunguzungu cha jua. Nilikuwa nimekaa kivulini, Aziza, na wewe hukuliona hilo kwa sababu ulikuwa na furaha ya kazi.

Uliposomea permi yako ya kuendesha boti ulikuwa ukinikariria kanuni jikoni huku unakoroga bugali: jile ya kuokolea kwa kila mtu na iwe ya kipimo chake; orodha ya abiria ibaki nchi kavu; kamba nyekundu ya moteri iwe imefungwa kwenye mkono wa kapiteni, ili akianguka moteri izime; asiwepo aliyesimama chombo kikiwa kinatembea; kapiteni asinywe; usikaribie waogaji wala midomo ya mito penye viboko. Ulizijua kuliko mimi ninavyoijua Fatiha. Sikukurekebisha hata mara moja. Lakini kila ulipofika kwenye "kwa kila mtu", nilitaka kukusimamisha nikuulize: mtu ni nani? Sikuuliza, maana ungeniuliza kwa nini nauliza.

Sasa nakuambia kwa nini.

Unajua kwamba zamani marehemu baba yako, Ramadhani, alikuwa na boti ya matembezi hapa Rumonge, kabla ziwa halijapanda na kufunika ule ufuko. Unajua kwamba siku ya Iddi pili ilipinduka, na kwamba mtoto mmoja, Zulfa, alifariki. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja na ulikuwa kwa bibi yako Bugarama, unaumwa surua. Uliporudi tulikupa habari fupi, na habari hiyo ndiyo uliyokua nayo: watu walikimbilia upande mmoja kutazama kiboko, boti ikalala, na Mwajuma, mama mdogo wa Zulfa, jina la mtoto liliposomwa aliinua mkono kana kwamba mtoto yupo. Nimekusikia hata wewe ukisema, "Mwajuma yule aliyeinua mkono." Mtaa mzima unasema hivyo.

Si kweli. Jina la Zulfa halikusomwa. Halikuwepo kwenye orodha. Orodha niliiandika mimi.

Nitakueleza kwa utaratibu, kama nilivyoandika kwenye daftari langu jioni ile. Unalijua daftari langu, umenitania nalo maisha yako yote. Humo sijawahi kudanganya. Nimedanganya nje yake.

Kazi yangu ilikuwa kukaa ufukweni kwenye meza, chini ya turubai, na kuandika majina. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na katika ukoo wa baba yako nilisifiwa kwa mwandiko. Boti ilikuwa imechorwa ubavuni namba ishirini kwa rangi nyeupe, maana yake abiria ishirini basi. Nami kila safari niliandika majina ishirini, hata siku moja sikuandika ishirini na moja. Waliokuja kukagua walikuwa wakinisifu mbele ya watu. Nilikuwa napenda kusifiwa hivyo kuliko ninavyopenda kukubali.

Jile tulikuwa nazo ishirini pia. Nilizihesabu kila asubuhi. Lakini nilikuwa nazihifadhi kwenye stoo moja na madumu ya mawese, zikashika harufu na madoa mekundu, na hakuna aliyetaka kuvaa. Tena kwa kuogopa zisiibwe, nilizifunga fungu moja kwa kamba, fundo kali, nikaziweka chini ya ubao wa mbele. Zilikuwemo ndani ya boti. Kwenye hesabu yangu zilikuwa sawasawa. Hakuna hata moja iliyokuwa ya mtoto.

Siku ya Iddi pili unajua inavyokuwa. Iddi mosi watu wanakaa nyumbani na kutembeleana, Iddi pili wanatoka, na kila mtoto anataka kuonekana na nguo yake mpya. Ufuko ulijaa. Safari ya tatu ndiyo ile. Nilimwambia mama mmoja, kwa mdomo tu, amvalishe mwanawe jile, akanijibu, "Mama Aziza, nimemushonea mutoto gauni ya Iddi, wewe unataka nimuvalishe pipa ya mawese?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, na fundo likabaki fundo.

Mwajuma alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Alikuja na Zulfa, mtoto wa dada yake, wa miaka minne, amevaa gauni la njano na viatu vinavyolia kila akikanyaga. Mama yake Zulfa alikuwa amebaki nyumbani anamalizia pilau. Nikaandika: kumi na nne, Mwajuma. Akanyoosha kidole kwa mtoto, akauliza, "Na huyu?"

Nakuandikia nilichomjibu kama kilivyo kwenye daftari. Nilimwambia, "Huyu anakaa juu yako. Ana kiti yake? Asiye na kiti hana namba." Nikamfinya Zulfa shavu. Akacheka, na viatu vyake vikalia.

Usione kwamba nilikuwa na roho mbaya. Ndivyo tulivyokuwa tukihesabu sote, kwenye magari, kwenye boti, kwenye karamu. Mtoto anayepakatwa ni sehemu ya anayempakata. Siku ile walikuwepo watatu wa namna hiyo. Kwa hiyo boti ya ishirini iliondoka na watu ishirini na watatu na baba yako, na karatasi yangu ilikuwa safi.

Walikwenda usawa wa Gatete, wakageuka. Walikuwa wanarudi, mita kama mia mbili kutoka nchi kavu, mtu akapiga kelele, "Kiboko! Kiboko!" Nilikuwa nimesimama, niliona. Watu walinyanyuka wote kwa pamoja, wakaenda upande mmoja na simu zao. Baba yako alipiga kelele wakae. Boti ililala polepole, Aziza. Watu wanadhani inakuwa ghafla. Ilikaa kwa ubavu kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili, ndipo ikageuka tumbo juu.

Fungu langu la jile likaibuka. Kwa kuwa zilikuwa zimefungwa pamoja, zikawa kama kisiwa, na watu wengi wakashika hapo. Baadaye walikuja kunishukuru. Fikiria kushukuriwa kwa fundo lile.

Mitumbwi miwili ya wavuvi wa ndagala ilikuwa karibu. Ikawahi. Walileta watu ufukweni mara mbili, halafu ikarudi majini inazunguka ile boti. Mimi nilishika orodha yangu. Watu walikuwa wanalia, wanatapika maji, wanakumbatiana, na mimi katikati nasoma majina kama mwalimu. Moja, yupo. Mbili, yupo. Kumi na nne, Mwajuma. Alikuwa amepiga magoti mchangani, macho yamemtoka, hajui yuko wapi. Akainua mkono. Ishirini, yupo. Na baba yako yupo. Watoto wawili wa kupakatwa nilikuwa nawaona, wamebanwa vifuani na mama zao. Wa tatu sikumwona, na sikujua kwamba simwoni, kwa sababu kwenye karatasi hapakuwa na mahali pake.

Mvuvi mmoja akaita kutoka majini, "Bado?"

Nikamjibu kwa sauti yangu yote, "Wamefika wote! Rudini!"

Wakageuza mitumbwi.

Nilitazama saa yangu, maana ndiyo tabia yangu, ili niandike baadaye. Dakika kumi na moja zikapita. Akaja mama yake Zulfa mbio kutoka mjini, kanga begani, mkono bado una unga wa viungo. Alimpita kila mtu. Alimshika Mwajuma mabegani. "Mutoto wangu iko wapi? Mwaju, Zulfa iko wapi?" Mwajuma akatazama mapaja yake. Hilo ndilo ninaloliona hata leo: alitazama mapaja yake kwanza, kana kwamba bado yupo pale.

Mitumbwi ikarudi. Walimtoa chini ya boti, kwenye nafasi ya hewa iliyobaki karibu na benchi. Mvuvi aliyembeba alisema bado alikuwa na joto.

Nimeiweka kalamu chini mara mbili hapa. Sasa ni saa tisa na robo. Naendelea, kwa sababu bado sijafika kwenye kosa lenyewe.

Kusahau namba ni kosa, na ningeweza kuliungama siku ile ile. Lakini tuliambiwa kwamba watu wa serikali watakuja kesho yake kutazama karatasi. Saa kumi na mbili jioni, nyumba ya kina Zulfa upande wa pili wa barabara imejaa watu wa matanga, nilichukua orodha, nikachukua kalamu ya baba yako kwa sababu yangu ilikuwa imelowa, na baada ya jina la Mwajuma nikaongeza maneno mawili: na Zulfa. Walipokuja, waliona kila mtu ameandikwa. Wakaniuliza, "Ulisoma majina yote?" Nikasema ndiyo. "Na hili?" Nikasema, "Nilisoma Mwajuma na Zulfa, Mwajuma akainua mkono."

Sikusema kwamba Mwajuma alidanganya. Niliwaachia wao wamalizie. Wakamalizia, na mtaa ukamalizia, na kabla ya arobaini mama yake Zulfa alikuwa amemfukuza mdogo wake nyumbani.

Baba yako aliiona karatasi usiku ule. Aliisogeza karibu na taa, akasema, "Wino huu ni wa kalamu yangu." Nikasema, "Ndiyo." Akairudisha mezani, akasema, "Haya." Neno moja. Hakubeba tena abiria. Umekua ukimwona akibeba mapipa ya mawese na magunia, ukafikiri alipenda kazi hiyo. Aliniambia siku moja kwamba pipa halina mama. Alikufa akiwa amelibeba neno langu, na hakuwahi kunirushia, hata tulipogombana. Wewe alikufundisha moteri, upepo na kusoma rangi ya maji. Nilipokuwa nawaona mnarudi jioni mmechomwa na jua mnachekana, nilikuwa nawaza kwamba ipo sehemu moja ya kazi hii ambayo hawezi kukufundisha bila kunisaliti. Kwa hiyo amekuachia pengo, na pengo hilo ni langu kuliziba.

Nimejifunza nini? Nimekuwa na miaka kumi na miwili ya kuwaza, na bado si mengi.

Nimejifunza kwamba orodha haiandikwi kwa ajili ya mkaguzi. Inaandikwa kwa ajili ya yule aliyebaki nchi kavu wakati hakuna mwingine anayeweza kusema. Mtoto wa miaka minne chini ya boti hana sauti nyingine isipokuwa jina lake kwenye karatasi. Kwa hiyo anayepakatwa ndiye wa kuandikwa wa kwanza, maana mtu mzima hata asipoandikwa atapiga kelele mwenyewe.

Nimejifunza kuhesabu kwa mkono. Gusa kila kichwa wanapoingia, kisha ndipo uandike, kisha linganisha. Mimi nilianza na karatasi, na macho yangu yakaiamini karatasi kuliko ufuko wote uliokuwa mbele yangu. Na wakishuka, wahesabu tena. Nimeona makapiteni wengi wanaohesabu kwenda tu.

Ile namba iliyochorwa ubavuni ni ya roho. Mtu asikuambie mtoto ni nusu. Wewe mwenyewe ulisema watoto ni wepesi, na kweli kwa uzito ni wepesi. Lakini wakati wa kupinduka hakuna anayepimwa kwa kilo. Kila mmoja anahitaji mkono wa kumshika, na mtu mzima ana mikono miwili tu, na mmoja atauhitaji yeye.

Jile ya mtu mzima usimvalishe mtoto ukaridhika. Mshike mabegani kwa hiyo jile, mnyanyue kidogo. Ikipanda mpaka kidevu kimezama ndani, majini itamvuka kichwani na kuondoka yenyewe. Tafuta zile ndogo zenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Kama hoteli haina, basi watoto hao hawana boti siku hiyo. Na zivaliwe kabla ya kamba kufunguliwa. Iliyoko chini ya benchi ni mto wa kukalia.

Haya yote unayajua. Ninachoogopa ni kingine. Naogopa wewe ni mtoto wangu. Unapenda kuambiwa umefanya vizuri. Nilikuona ulivyosimama wima ulipoitwa kapiteni. Siku ile mtu angeniambia, "Mama Aziza, na huyu mwandike," ningemwona mchokozi, na kweli Mwajuma aliuliza, nikamgeuza kichekesho. Jumamosi meneja atakuwa amevaa vizuri, familia ya batizo itakuwa imepaka manukato, mpiga picha amesimama, keki iko mezani, na wewe ndiye mgeni wa siku moja kazini. Watakuambia, "Kapiteni, usitucheleweshe." Mtu atasema mzaha, nawe utataka kucheka. Hapo ndipo. Hakutakuwa na upepo wala wimbi. Kutakuwa na watu wazuri wanaocheka.

Nikupe njia moja ambayo baba yako alikuwa akiitumia na walevi. Usibishane ukiwa ndani ya boti. Chomoa ile kamba nyekundu, itie mfukoni, shuka, simama kwenye gati. Bila hiyo kamba moteri haiwaki, na maneno yote yatakufuata nchi kavu, ambako hakuna anayezama. Halafu sema namba tu. "Boti ni ya kumi na mbili. Hapa wako kumi na nane." Usiseme unaogopa, usieleze habari za Rumonge. Namba inatosha. Wakitaka, uende tur mbili fupi za esansi ile ile, karibu na ufuko. Wasipotaka, wapande wakubwa sita na watoto sita. Wasipotaka na hilo, rudi nyumbani. Kazi ukiikosa kwa sababu hiyo, nitakuja mwenyewe kukupokea stendi, na sitakuuliza lolote mbele ya watu.

Sasa la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kukuambia kwa mdomo.

Jana nilikuambia nakwenda kumtazama mgonjwa. Nilikwenda Muhuta. Mwajuma anaishi huko tangu alipofukuzwa, anaanika ndagala. Nilimkuta anazigeuza kwenye kichanja. Alinitambua kabla sijamsalimu.

"Mama Aziza! Leo umepotea njia?"

"Amahoro, Mwajuma."

"Amahoro. Kaa hapo kwenye bidoni tupu ya mawese, viti iko ndani na mimi niko na mikono ya samaki."

Nilitoa daftari la mwaka ule, nikafungua ukurasa. Nilimpa. Aliutazama mwandiko, akanirudishia. "Soma wewe. Ulisoma siku ile, soma na leo."

Nikasoma. Nilisoma alichouliza, na nilichomjibu, na kile kicheko. Nilisoma dakika kumi na moja. Nilisoma mstari wa mwisho: Saa kumi na mbili jioni nimeongeza "na Zulfa" kwa kalamu ya Ramadhani. Alikuwa ameshika ndagala mkononi, zikawa zinadondoka moja moja.

Halafu akasema, "Kwa hiyo sikumuitikia."

"Hukumuitikia. Sikumtaja."

"Mimi najua nilimuitikia. Nakumbuka. Nasikia mpaka leo unasema Mwajuma na Zulfa, na mimi nainua mukono." Alikuwa ameunyanyua ule mkono anautazama. "Mana yanje, Mungu wangu. Nimejikumbusha kitu ambacho hakikuwepo."

Sikuwa nimelifikiria hilo, Aziza. Miaka yote nilidhani nimewadanganya watu juu yake. Kumbe nilimdanganya yeye juu ya yeye mwenyewe, na akaamini, na akaishi nalo.

Nilianza kumwomba radhi. Akanikata. "Ngoja. Unataka nikusamehe ili ulale? Oya, hapana. Mimi sikulala." Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei, "Nani anajua?"

"Wewe. Ramadhani alijua, amekufa. Kesho nitamwambia Aziza."

"Na dada?"

Nikalifunga daftari.

"Basi utamwambia dada. Mbele ya watu walewale waliokuwepo, wale walio hai. Na mimi nitakuja, nitakaa pale nisikie anavyosikia. Lini?"

Nilitaka kusema baada ya mwezi, ukishazoea kazi yako. Nilitaka kusema nina presha, ambayo ni kweli. Nikasema Jumamosi, saa nne asubuhi. Akarudi kwenye kichanja chake. Hakunisindikiza.

Leo asubuhi, ulipokuwa bado umelala, nilivuka barabara nikamwambia mama yake Zulfa kwamba Jumamosi nina neno, awaite jirani wa zamani. Akaniuliza kama ni habari ya posa yako. Akafurahi. Alisema atapika.

Sijui watanifanya nini. Huenda watanifukuza, kama walivyomfukuza mwingine kwa ajili yangu. Huenda watanipeleka mbele ya serikali, na karatasi ile ipo, na wino unaonekana. Huenda utasikia mambo ya mama yako kwa watu kabla hujayasikia kwangu, ndiyo maana barua hii utaikuta juu ya nguo zako ukifungua sanduku. Usirudi kuniokoa. Usimpigie mama yake Zulfa kumbembeleza. Hilo ni langu.

Wewe una kazi moja saa hiyo hiyo. Nitakapokuwa nimesimama kwenye mkeka wa mama yake Zulfa nataja jina ambalo sikulitaja, wewe utakuwa unagusa vichwa. Simu yangu nitaizima. Nitaiwasha adhuhuri, popote watakapokuwa wameniweka. Usinieleze keki wala mpiga picha. Nitumie namba mbili tu: walioingia, na walioshuka.

Mungu akutangulie, mwanangu, na akufungue mdomo pale wangu ulipofungwa.

Mama yako aliyekuzaa,
Salima